Namna ya kupeleka data kwenye jukwaa la ratiba za mafundi bila kuivuruga siku ya fundi

Kabla sijaandika mstari wangu wa kwanza wa programu, nilikaa miaka minne kwenye meza ya kupanga ratiba za mafundi. Tulihudumia jenereta na majokofu makubwa ya maghala, na mimi ndiye niliyeamua nani aende wapi, saa ngapi, akiwa na vifaa gani. Baadaye nikahamia upande wa data. Kazi ya kwanza nzito niliyokabidhiwa huko ilikuwa kuilisha meza ileile: kuchota taarifa kutoka hifadhidata ya mikataba na vifaa, kuzigeuza kuwa kazi, kisha kuzipeleka kwenye jukwaa ambalo wapangaji hulifungua kila siku saa kumi na mbili asubuhi.

Bomba la data, kwa maana ninayoitumia hapa, ni msururu wa programu zinazochota data mahali fulani, zikaisafisha, zikaifikisha mahali pengine kwa nyakati zilizowekwa. Wengi wetu tumejifunza kujenga mabomba yanayoishia kwenye ghala la ripoti. Huko ukikosea usiku, unafuta na kupakia upya asubuhi, na hakuna aliyeumia. Jukwaa la ratiba ni kitu kingine kabisa. Rekodi uliyoituma saa nane usiku inaweza kuwa imeshaliza simu ya fundi, imeshamtumia mteja ujumbe, na gari limeshawashwa. Ndiyo maana nasisitiza jambo moja kuliko yote: bomba linaleta kazi, halipangi siku ya mtu. Kila hatua iliyo hapa chini inatokana na hilo.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Kuna jenereta ambayo mkataba wake unataka imwagwe oili na kubadilishwa filta kila baada ya saa 250 za kufanya kazi. Bomba linasoma mita, na zikibaki saa 20 kabla ya kufika kiwango hicho, linaunda kazi.

Chora vitu kabla ya kuandika programu

Chukua karatasi. Andika mteja, eneo, kifaa, kazi, miadi, fundi. Chora mistari ya nani anamtegemea nani: kifaa kipo kwenye eneo, eneo ni la mteja, kazi inahusu kifaa, miadi ni ya kazi. Huo ndio pia mpangilio wa kutuma. Ukituma kazi kabla kifaa chake hakijafika, jukwaa litaikataa, au baya zaidi, litaipokea ikiwa haina mahali, na fundi ataona kazi isiyo na anwani.

Tofauti ambayo wahandisi wengi huiruka ni ile ya kazi na miadi. Kazi ni kile kinachotakiwa kufanyika. Miadi ni lini na nani. Majukwaa makubwa yanavitenganisha: kwenye Salesforce kazi ni WorkOrder na miadi ni ServiceAppointment, kwenye Dynamics 365 kazi ni msdyn_workorder na miadi ni bookableresourcebooking. Bomba la mfano wetu lina haki ya kuunda la kwanza. La pili ni la mpangaji, au la programu ya kupanga iliyomo ndani ya jukwaa lenyewe.

Nani mwenye sehemu ipi

Hapa ndipo nakuomba utumie muda mwingi kuliko pengine popote.

Rekodi moja ya kazi ina sehemu nyingi, na kila sehemu ina mwenyewe. Aina ya sevisi, kifaa, mkataba na usomaji wa mita ni vya bomba. Muda wa kuanza, fundi aliyepangiwa, kipaumbele na maelezo ya namna ya kuingia getini ni vya mpangaji. Hali ya kazi iliyokwisha kupangwa, picha, vipuri vilivyotumika na sahihi ya mteja ni vya fundi. Kaa na mpangaji, mpitie sehemu moja baada ya nyingine, mkubaliane mwenyewe ni nani, na muandike. Usikubali jibu la "sote wawili". Sehemu yenye wenyewe wawili itagombaniwa, na anayeandika mara nyingi zaidi ndiye atakayeshinda. Programu huandika mara nyingi kuliko mtu.

Nalisema hili kwa uchungu. Usiku mmoja nilirekebisha majina ya maeneo kwenye chanzo chetu, makosa madogo ya herufi. Marekebisho hayo yaligusa tarehe ya mabadiliko ya vifaa zaidi ya 200. Bomba likaona vifaa vyote hivyo "vimebadilika", likatuma kazi zake upya, kila rekodi ikiwa kamili, pamoja na muda wa kuanza uliokokotolewa wiki mbili nyuma. Jukwaa halikulalamika, kila jibu lilikuwa la namba 200, yaani limepokea vizuri. Kulipokucha, mabadiliko yote ambayo wapangaji waliyafanya kwa mikono katika wiki mbili hizo yalikuwa yamefutika. Fundi mmoja aliendesha gari saa mbili nzima hadi kwenye ghala ambalo mwenyewe wake alikuwa ameshaomba kazi isogezwe mwezi uliofuata. Mlinzi akamrudisha getini. Dada aliyechukua kiti changu cha zamani alikuwa ameandika kila mabadiliko kwenye daftari, na tulishinda naye siku nzima tukiyarudisha moja baada ya jingine.

Tangu siku hiyo nafuata kanuni tatu. Ya kwanza, wakati wa kuunda rekodi natuma ninachokijua. Wakati wa kusasisha natuma sehemu zangu tu. Ikiwa jukwaa lina njia mbili za kusasisha, tumia PATCH, inayogusa ulichotaja tu, badala ya PUT, ambayo kwa kawaida inabadilisha rekodi nzima kwa ile uliyotuma. Ya pili, sehemu isiyo na thamani naiondoa kabisa kwenye ombi. Kuna tofauti kubwa kati ya kutotaja sehemu na kuitaja ikiwa null, yaani tupu: ya kwanza inaiacha ilivyo, ya pili kwa majukwaa mengi inafuta kilichokuwepo. Maktaba nyingi za programu huandika null zenyewe usipozizuia, hivyo fungua ombi linalotoka na ulisome kwa macho yako. Ya tatu, kazi ikishatoka kwenye hali ya "mpya", bomba haligusi chochote kinachohusu wakati. Likiwa na taarifa mpya ya muhimu, linaandika dokezo, na mpangaji anaamua.

Ombi la kuunda kazi kwenye mfano wetu lina umbo hili:

```
{
  "kitambulisho_cha_nje": "JEN0417-M2-OILI-02250",
  "kifaa": "JEN0417",
  "aina": "sevisi_saa_250",
  "muda_wa_kazi_dakika": 90,
  "isianze_kabla": "2025-03-10T05:00:00Z",
  "isipite": "2025-03-17T14:00:00Z"
}
```

Tazama kisichokuwemo. Hakuna fundi, hakuna saa ya kufika, hakuna kipaumbele. Bomba linasema kazi inachukua dakika 90 na dirisha lake ni wiki moja, basi. Kwenye Salesforce dirisha hilo ni EarliestStartTime na DueDate, na muda uliopangwa unakaa mahali pake, SchedStartTime na SchedEndTime. Usijaribiwe kujaza hizo mbili za mwisho kwa sababu tu zipo.

Kitambulisho kisichobadilika

Mtandao hukatika katikati ya maneno. Unatuma ombi, jukwaa linaunda kazi, kisha jibu linapotea njiani. Kwako inaonekana umeshindwa, unatuma tena, na sasa kuna kazi mbili. Mafundi wawili wanakutana kwenye geti moja, kila mmoja na galoni lake la oili.

Dawa yake ni kitambulisho cha nje kinachojengwa kutokana na maana ya kazi yenyewe. Usikizalishe kwa bahati nasibu kila bomba linapoendeshwa. JEN0417 ni kifaa, OILI ni aina, 02250 ni kiwango cha saa kinachodaiwa. Bomba likiendeshwa mara kumi, kitambulisho ni kilekile, na jukwaa linalokubali weka-au-sasisha litaikuta rekodi iliyopo badala ya kuunda nyingine. Kama jukwaa lako halina uwezo huo, weka jedwali lako la kuoanisha: kitambulisho chako upande mmoja, cha jukwaa upande wa pili. Kila kabla ya kurudia ombi lililokosa jibu, uliza kwanza jukwaani kama rekodi ipo.

Ile M2 iliyo katikati ilinigharimu. Ni namba ya mita. Jenereta ikibadilishiwa kifaa cha kudhibiti, mita huanza upya kwenye sifuri, na kiwango cha 00250 kinarudi kwa mara ya pili katika maisha ya mashine ileile. Bila M2, kitambulisho kipya kingefanana na cha kazi iliyokamilika miaka iliyopita, na bomba lingeisasisha hiyo iliyokufa huku jenereta halisi ikikosa oili. Kila unapounda kitambulisho, jiulize ni kitu gani kwenye maisha ya kifaa kinaweza kurudi nyuma.

Chota kilichobadilika tu

Njia ya kawaida ni kuhifadhi alama ya wakati wa mwisho uliosoma, kisha kuuliza chanzo: nipe rekodi zilizobadilika baada ya hapo. Inafaa, kwa masharti mawili.

Alama isogezwe mbele baada ya jukwaa kuthibitisha kupokea, siyo baada ya kusoma. Ukiisogeza mapema halafu utumaji ukashindwa, rekodi hizo hazitasomwa tena. Hazitatoa kelele yoyote, zitapotea tu.

Na usome kwa kurudi nyuma kidogo. Mimi narudi dakika 15. Rekodi inaweza kupigwa muhuri wa saa 02:00:05 lakini ikahifadhiwa rasmi kwenye hifadhidata saa 02:00:40, wakati wewe umeshapita hapo. Kurudi nyuma kunaleta marudio, na marudio hayana madhara kwa sababu kitambulisho ni kilekile. Juu ya hapo, kwa kila rekodi nakokotoa SHA-256, alama fupi inayobadilika data ikibadilika, ya zile sehemu zangu tu, nailinganisha na ya mara ya mwisho, na zikifanana situmi. Kama ningekuwa nayo usiku ule wa herufi za majina, hakuna hata kazi moja ambayo ingetoka.

Saa

Tuma saa zote kwa muundo wa ISO 8601 zikiwa na Z mwishoni, yaani UTC, saa ya rejea ya dunia, au tofauti ya saa na hiyo UTC. Saa isiyo na eneo lake la saa ni uvumi. Lakini dirisha la kazi likokotoe kwa saa za mahali kifaa kilipo, ndipo uligeuze kuwa UTC. Kwa kila eneo hifadhi jina la ukanda wa saa, kama Europe/Berlin au America/Chicago, usihifadhi tofauti ya +1 au −6 peke yake, kwa kuwa nchi zinazosogeza saa mara mbili kwa mwaka zitakuhama. Kazi ya kila wiki saa 08:00 haipatikani kwa kujumlisha saa 168. Unajumlisha siku saba kwenye kalenda ya mahali hapo, kisha unageuza.

Nasi tunaosoma saa kwa Kiswahili tuna mtego wa ziada. Mtu akijaza 3:00 kwenye fomu akimaanisha saa tatu asubuhi, kompyuta inasoma saa tisa usiku. Nilipokuta kazi zinazotakiwa saa 03:00 kwenye maeneo yanayofungwa usiku, chanzo kilikuwa hicho. Sasa bomba linakataa dirisha lolote lililo nje ya saa za kazi za eneo na kuliweka pembeni likaguliwe na mtu.

Anwani na simu nazipitia kwa haraka. Namba za simu zigeuze kuwa za muundo wa E.164, alama ya + na tarakimu zisizozidi 15, ukizihifadhi kama maandishi. Kwa ramani, soma nyaraka za jukwaa: GeoJSON, muundo mmoja wa data za ramani, inatanguliza longitudo, mengine yanatanguliza latitudo, na ukizibadilisha nafasi kazi inaweza kuangukia baharini.

Kuzungumza na API

API ni mlango ambao programu hupitia kuzungumza na jukwaa. Tumia akaunti ya mfumo, usitumie ya mfanyakazi. Mfanyakazi akiondoka na akaunti yake kufungwa, bomba litakatika siku hiyohiyo. Ipe ruhusa ya vitu inavyovihitaji tu. Kama bomba haliandiki miadi, akaunti yake isiweze kuandika miadi. Hapo kanuni yako ya umiliki inalindwa hata programu ikikosewa. Tokeni za OAuth 2.0, yaani funguo za muda za kuingilia, huisha muda, kwa hiyo omba mpya kabla ya kuisha, usisubiri kukataliwa katikati ya kundi.

Majibu yagawe makundi mawili. Yale ya kusubiri na kurudia: 429 maana yake umetuma mengi mno, na mara nyingi huja na Retry-After inayokuambia usubiri kiasi gani, nawe uiheshimu; 500, 502, 503 (hitilafu upande wa jukwaa) na kukosa jibu kabisa, subiri sekunde 1, kisha 2, 4, 8, ukiongeza sekunde chache za kubahatisha ili programu zako zote zinazotuma zisirudi kwa mkupuo mmoja. Kundi la pili ni ya kutorudia: 400, 404 na 422 yanasema data yenyewe ina kasoro, na kuirudia mara elfu hakutairekebisha.

Ukituma kwa makundi, angalia ndani ya jibu. Salesforce, kwa mfano, inapokea hadi rekodi 200 kwa ombi moja la makusanyo, na jibu la jumla linaweza kuwa lile la namba 200, la kupokea vizuri, huku rekodi saba ndani yake zimekataliwa. Pita kwenye kila moja.

Zilizokataliwa zihamishie kwenye jedwali la zilizokwama, na sababu iandikwe kwa lugha ambayo mpangaji anaielewa. "INVALID_CROSS_REFERENCE_KEY" haimsaidii. "Kifaa JEN0388 hakina eneo, mwenye mkataba aongeze eneo" inamsaidia, kwa kuwa anajua simu ampigie nani.

Kughairi

Bomba lisifute kamwe. Mkataba ukiisha au mita ikisahihishwa, badilisha hali ya kazi kuwa imeghairiwa, ikiwa tu bado ni mpya na haijapangiwa mtu. Ikishapangwa, peleka ombi la kughairi kwa mpangaji. Ikiwa fundi yuko njiani, ombi hilo liende kama tahadhari ya haraka, na bado aamue mtu, maana fundi anaweza kuwa dakika tano tu kutoka getini na mteja amemfungulia mlango. Kwa hiyo bomba linahitaji kusoma hali ya kazi kutoka jukwaani kabla ya kuandika. Data inayorudi ni sehemu ya kazi, siyo nyongeza ya awamu ya pili.

Kabla ya kuwasha

Jaribu kwenye mazingira ya majaribio, na kabla ya ombi la kwanza hakikisha ujumbe wa simu na barua pepe umezimwa humo. Mazingira ya majaribio mara nyingi ni nakala ya data halisi, yenye namba halisi za watu halisi. Badilisha namba zote kwa zako mwenyewe ikiwezekana.

Kisha endesha bomba kavu kwenye data halisi: likokotoe kila kitu, liandike kwenye faili kile ambacho lingetuma, lisitume. Chapisha faili hilo, kaa na mpangaji, mwachie asome. Mimi niliposoma orodha yangu niliona kazi 31 sahihi. Mpangaji alisoma na kusema, hizi nne ni za ghala moja, kwa nini ziwe siku nne tofauti? Nikaongeza kanuni ya kuoanisha madirisha ya vifaa vya eneo moja, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nikilifanya kwa kichwa nilipokuwa kwenye kiti kile, na lilikuwa limenitoka.

Anza na vifaa vitano vya eneo moja kwa wiki mbili. Weka breki: kama bomba kwa kawaida linatoa kazi 10 hadi 20 kwa usiku na leo linataka kugusa 60, lisimame na lipige kengele badala ya kuendelea. Breki hii ni mistari michache ya programu, na ndiyo ninayoiamini kuliko majaribio yangu yote.

Mwisho, linganisha pande mbili kila siku. Hesabu vifaa vinavyodai kazi kwenye chanzo, hesabu kazi zilizo wazi jukwaani, na taja kwa jina kila kisichooana. Bomba letu humaliza kwa kumtumia mpangaji wa zamu ujumbe mfupi: zimeundwa 14, zimesasishwa 3, zimekwama 2, JEN0388 haina eneo, JEN0109 mita imerudi nyuma. Unafika saa kumi na moja na nusu alfajiri, nusu saa kabla hajaketi. Ukichelewa hata dakika kumi, ananipigia, na simu hiyo naipokea.